Kuandaa WordCamp Mjini Kwako: Mwongozo kwa Anayeanza

Usianze na ukumbi. Kabla hujapiga simu hotelini kuuliza bei, jiulize ni watu wangapi wa mjini kwako wanaotumia WordPress ambao mmeshawahi kukaa pamoja, mkafungua kompyuta na kusaidiana. Kama hawapo, kazi yako ya mwaka huu ni kuwapata hao, na mkutano utakuja baadaye. WordCamp Central, timu inayosimamia mikutano hii duniani kote, nayo ikipokea ombi la mji mpya hutazama kwanza kama mji huo una kundi lililo hai, linalokutana mara kwa mara.

Kwa asiyeijua vizuri, WordPress ni programu huria ya kuendesha blogu na tovuti. Ilitolewa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, walioiendeleza kutokana na programu ya b2 ya Michel Valdrighi ambayo ilikuwa imesimama bila mwangalizi. Leo, kwa hesabu za W3Techs, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. WordCamp ni mkutano wa watu wanaoitumia. Wa kwanza ulifanyika San Francisco, Agosti 2006, na tangu hapo miji mingi imeandaa ya kwake. Kwetu huku, Nairobi na Kampala zimeshafanya hivyo. Jina lenyewe halitumiwi ovyo. Ni lazima uombe, na ukikubaliwa unapokea pamoja nalo masharti yake: waandaaji hawalipwi, watoa mada hawalipwi, tiketi ni ya bei ya chini, na hakuna anayeondoka na faida mfukoni.

Mimi nayapenda masharti hayo. Yanautofautisha mkutano huu na makongamano ambako mtu hulipa kiingilio kikubwa kisha akashinda kutwa akisikiliza matangazo ya biashara. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya, upime kwa mtumiaji wa kawaida: mama mwenye blogu ya mapishi, mwalimu anayeangalia tovuti ya shule, kijana anayeanza kutengeneza tovuti za wateja. Akirudi nyumbani jioni, atakuwa amepata nini?

Kikao cha kila mwezi

Kundi linajengwa kwa kukutana siku ileile, mahali palepale, kila mwezi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, hata kama waliokuja ni wanne. Huhitaji hoteli. Darasa la chuo linatosha, au maktaba ya mkoa, au moja ya vituo vya teknolojia kama Swahilipot Hub ya Mombasa na Buni Hub ya Dar es Salaam. Nusu ya kwanza ya kikao mtu mmoja afundishe jambo moja tu, kwa mfano namna ya kupunguza uzito wa picha kabla ya kuipandisha. Nusu ya pili kila mtu afungue tovuti yake na kueleza kinachomsumbua. Hii nusu ya pili ndiyo inayowarudisha watu.

Kundi likishazoeleka, liombee nafasi katika mpango rasmi wa makundi ya WordPress. Ukikubaliwa, ada ya kulitangaza kwenye tovuti ya Meetup unalipiwa. Mpango huo una kanuni chache, na iliyo ngumu zaidi kwetu ni ile inayosema kwamba mwanakundi yeyote anayeaminika anaruhusiwa kuandaa kikao. Katika miji yetu kundi hupata mwenyewe haraka: aliyelianzisha ndiye mwenye nywila, ndiye anayeongea na wadhamini, ndiye anayepigwa picha, na siku akisafiri hakuna kikao. Zuia jambo hilo mapema. Mpe mtu wa pili na wa tatu ufunguo wa kila akaunti, mwache mwingine aongoze kikao wewe ukiwa umekaa nyuma, na usirekebishe kila anachosema. Ukiona vikao vinakwenda vizuri bila wewe, basi muda wa kuandika ombi la WordCamp umefika.

Kamati na fedha

Hakuna mtu mzima pwani wala bara ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi, na uzoefu huo unafaa hapa kwa sehemu moja tu: mweka hazina husoma mahesabu mwanzo wa kila kikao, mbele ya wote. Mengine yaache hukohuko. Kamati ya watu thelathini haiandai mkutano. Watu sita au saba wanatosha, kila mmoja na kazi yenye jina lake: mratibu, mweka hazina, wa watoa mada, wa wadhamini, wa ukumbi na chakula, wa matangazo, wa kuongoza wanaojitolea siku yenyewe. Wote wawe wametoka kwenye vikao vya kila mwezi. Anayejitokeza ghafla akitaka uenyekiti, mpe kazi ndogo kwanza.

Bajeti utaipitia pamoja na WordCamp Central kabla hujaahidi fedha kwa yeyote, na taasisi iliyo nyuma yao inaweza kupokea fedha za wadhamini na kuwalipa watoa huduma moja kwa moja. Uliza mapema sana jinsi malipo hayo yatakavyofika kwenye akaunti za benki za hapa nchini, na jinsi mshiriki asiye na kadi ya benki atakavyonunua tiketi. Wengi wetu tunalipa kwa simu, na ukiliacha suala hilo hadi mwezi wa mwisho litakunyima usingizi. Omba ankara ya awali kwa maandishi kutoka kila mtoa huduma, ya ukumbi, ya chakula, ya vipaza sauti, na uulize kama kodi imo ndani ya bei au itaongezwa.

Wadhamini wa kwanza kufikiwa ni wale ambao wateja wao wamo ndani ya ukumbi: kampuni zinazohifadhi tovuti, wasimamizi wa majina ya vikoa kama KeNIC kwa .ke, na kampuni za simu. Waambie wazi wanachopata, yaani meza, bango, jina lao kwenye tovuti ya mkutano, na shukrani jukwaani. Waambie wazi pia wasichopata. Udhamini haununui nafasi ya kutoa mada, na haununui orodha ya majina na namba za washiriki. Hapo usitetereke. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Mtu aliyekupa namba yake ili apate tiketi hajakuruhusu kumpa mtu mwingine. Na katika mahesabu, ahadi ya mdhamini iandikwe safu yake peke yake. Fedha ni ile iliyokwisha kuingia.

Tiketi iwe nafuu, lakini isiwe bure. Cha bure watu hujiandikisha mia mbili wakaja tisini, na chakula cha waliobaki umeshakilipia. Weka bei ambayo mwanafunzi ataiweza bila kukopa, na tenga tiketi chache kwa wasioiweza hata hiyo.

Sasa suala la posho. Litajitokeza, kwa hiyo liseme wewe kwanza, kwenye barua ya mwaliko. WordCamp hailipi posho ya kikao, haina bahasha ya mwandishi wa habari, na mtoa mada halipwi kwa kuzungumza. Wapo watakaokataa, na ni afadhali wakatae miezi mitatu kabla. Vilevile mgeni rasmi. Ukimwalika kiongozi, mpe dakika tano zilizoandikwa kwenye ratiba, na usiufungie ufunguzi kwenye kufika kwake. Mimi ningefungua bila mgeni rasmi kabisa, kwa kuwa watu wametoka majumbani alfajiri kuja kujifunza.

Tarehe

Kalenda ichunguzwe kabla ya kila kitu. Epuka Ramadhani, Maulidi, Pasaka, msimu wa masika na wiki za mitihani, maana wanafunzi ni sehemu kubwa ya watakaokuja. Ijumaa ina sala ya adhuhuri. Jumamosi ndiyo siku inayofaa wengi, ingawa Wasabato watakosa, na kwa ajili yao unaweza kuiweka siku ya uchangiaji, nitakayoieleza mbele, Jumapili. Kaa mbali na uchaguzi mkuu kwa mwezi mzima kila upande. Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na mkutano wa watu wa tovuti bila intaneti na katikati ya wasiwasi wa siasa ni mkutano wa bure.

Mkutano wa kwanza uwe wa siku moja na ukumbi mmoja. Watu mia au mia na hamsini wanatosha kabisa. Jipe miezi sita tangu ombi kukubaliwa.

Ukumbi, umeme na mtandao

Nenda ukumbini siku ya kazi, saa ileile mkutano utakapofanyika, ukiwa na kompyuta yako. Angalia soketi ziko wapi na ngapi zinafanya kazi. Jaribu projekta mapazia yakiwa yamefunguliwa, kwa sababu jua la saa sita mchana la Dar es Salaam hufuta kila kitu ukutani. Uliza jenereta inawaka baada ya dakika ngapi umeme ukikatika, na mafuta ya siku hiyo analipa nani. Tazama vyoo. Tazama kama mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa. Uliza chumba cha kuswalia. Angalia daladala, matatu au bodaboda zinafika hadi wapi, maana ukumbi mzuri usiofikika kwa nauli ya kawaida unachagua wenye magari.

Intaneti ndiyo itakayokuumiza kichwa kuliko yote. Mwenye ukumbi atakuambia ipo, na ipo kweli, kwa watu kumi. Fanya hesabu mwenyewe: faili la WordPress lina zaidi ya MB 20, na watu 100 wakiambiwa walipakue kwa pamoja hizo ni zaidi ya GB 2 kwa mara moja, kabla hujahesabu simu zinazojisasisha zenyewe mifukoni. Usiwaambie walipakue. Andaa flashi kumi zenye WordPress, XAMPP ya kuiendesha kwenye kompyuta bila mtandao, themu na plagini zitakazotumika, zote kutoka vyanzo rasmi, na wapokezane. Ruta mbili za kampuni mbili tofauti za simu ziwekewe bando, moja kwa ajili ya jukwaa tu na nyingine kwa dawati la msaada. Watoa mada waje na slaidi zilizo ndani ya kompyuta, na kama kuna onyesho la moja kwa moja, wawe pia na picha za hatua zake. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao wa kuvizia. Mkutano uliojiandaa hivi ungeendelea siku ile.

Mada, na lugha yake

Tangaza mwito wa mada miezi mitatu kabla. Utapata maombi mengi ya vijana wanaotaka kuzungumzia teknolojia iliyotoka wiki iliyopita, na machache ya watu wenye ujuzi wa kila siku. Hao wa pili wafuate wewe mwenyewe, kwa simu, kwa sababu mara nyingi hawajioni kuwa ni watoa mada. Aliyeunganisha duka la mtandaoni la WooCommerce na malipo ya simu, na anajua pale ambapo muamala hukwama, ana somo. Anayeendesha tovuti ya habari ya wilaya kwa simu ya mkononi peke yake ana somo. Aliyewahi kudukuliwa akairejesha tovuti kutoka kwenye bakapu ana somo ambalo ukumbi mzima utaliandika.

Weka pia mada moja ya sheria, mtoaji awe mwanasheria. Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018 zilizomtaka mwenye blogu kuwa na leseni, na ada ya maombi na leseni pamoja na ya mwaka zilifika Sh 2,100,000, kiasi kilichowafanya baadhi ya wanablogu kufunga. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, mwaka 2020 na tena 2022. Mwenye blogu anastahili kusikia kutoka kwa mtu anayezijua leo zinamdai nini.

Na Kiswahili kiwe lugha ya jukwaa. Nalisema kwa mkazo kwa sababu kila mara nasikia hoja kwamba mambo ya tovuti hayaelezeki bila Kiingereza, na hoja hiyo huwaweka nje walewale ambao mkutano umeandaliwa kwa ajili yao. Mtu anaeleza bakapu, kikoa na leseni kwa Kiswahili kila siku anapozungumza na mteja wake sokoni Kariakoo au Marikiti. Anaweza kueleza hivyohivyo mbele ya kipaza sauti. Kama umemwalika mgeni kutoka nje asiyekijua, mweke mtu pembeni yake wa kufupisha kila baada ya hoja.

Wakutanishe watoa mada wiki mbili kabla kwa mazoezi, kila mmoja na saa mkononi. Dakika thelathini za mada, kumi za maswali. Wakumbushe kuwa anayesambaza plagini au themu zake lazima aziweke chini ya leseni huria ya GPL ili apande jukwaani, hilo ni sharti la WordCamp, na kwamba hawaji kuuza huduma.

Dawati la msaada

Kama fedha zitapungua, kata fulana, kata mapambo, kata hata wapiga picha. Usiguse dawati la msaada. Ni meza mbili tatu nje ya ukumbi, ambako mtu yeyote anakuja na tatizo lake na kukaa na anayejua. Wapangie watu wako bora kwa zamu za saa moja, wawe wapole, wasimnyang'anye mtu kompyuta wala kuandika badala yake. Aliyefungiwa nje ya tovuti yake mwenyewe, ambaye fundi wake alitoweka na nywila, atakuja. Ambaye tovuti yake inafunguka polepole kwa sababu kapandisha picha za MB 8 atakuja. Andikeni kila tatizo kwenye daftari, bila jina la mtu, na mtakuwa na mada za vikao vya mwaka mzima.

Siku inayofuata, au alasiri ileile, iwe ya uchangiaji. WordPress inatengenezwa na watu wanaojitolea, na kazi iliyo karibu zaidi nasi ni kuitafsiri kwa Kiswahili. Mwenye akaunti ya WordPress.org anaweza kupendekeza tafsiri ya sentensi yoyote, ila haitumiki hadi mhariri wa lugha aiidhinishe. Kwa hiyo wasiliana na wahariri wa Kiswahili wiki kadhaa kabla, mkubaliane istilahi zilizo muhimu, na muwaombe wawepo, japo mtandaoni, siku hiyo. Usipofanya hivyo watu wako watatafsiri kutwa nzima na kazi yao itabaki kwenye foleni. Walimu wa Kiswahili wasiojua lolote kuhusu msimbo wanahitajika sana hapa. Waalike.

Usalama wa watu

Kanuni za maadili zisomwe ufunguzi na zibandikwe mlangoni, pamoja na majina na picha za watu wawili wa kupokea malalamiko, angalau mmoja wao mwanamke. Ratiba iishe saa kumi na moja jioni, watu wafike nyumbani kabla ya giza. Kama unataka wanawake waje, na unapaswa kutaka, wawemo kwenye kamati tangu siku ya kwanza na jukwaani asubuhi, na paandaliwe mahali pa kukaa wenye watoto wadogo. Kabla ya kurekodi mtu au kumpiga picha, awe ameridhia.

Siku yenyewe itakwenda kama mlivyoiandaa. Chai iwe tayari kabla ya usajili kufunguliwa, pilau ifike saa sita na nusu, na mratibu asipewe kazi nyingine yoyote zaidi ya kuzunguka na kuuliza.

Kazi haijaisha taa zikizimwa. Lipeni kila mtu ndani ya wiki, mpishi kwanza. Video zilizorekodiwa zipelekwe WordPress.tv, ambako mwanafunzi wa Kigoma, Bujumbura au Bukavu atamsikia mtu akieleza kazi hii kwa lugha anayoielewa. Mahesabu yabandikwe hadharani, kila shilingi ilikotoka na ilikokwenda, kwa sababu mdhamini wa mwaka ujao atauliza na wanakundi wana haki ya kujua. Na kabla watu hawajatawanyika ukumbini, tangazeni tarehe ya kikao cha mwezi unaofuata, mahali na saa. Waliokuja kwa mara ya kwanza wapigieni simu mmoja mmoja kuwakumbusha.